China: Mstari unaoamua nani apate joto majira ya baridi

TAREHE 22 Januari, 2023, ambayo ilikuwa siku ya kwanza ya Mwaka Mpya wa jadi wa Kichina, kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa katika mji mdogo wa Jintao, eneo la Mohe, kaskazini kabisa mwa China, kilionyesha nyuzi 53 chini ya sifuri. Haijawahi kupimwa baridi kali kuliko hiyo katika nchi hiyo. Rekodi iliyovunjwa siku hiyo, ya nyuzi 52.3 chini ya sifuri, nayo ilikuwa ya huko huko Mohe, na ilikuwa imedumu tangu Februari, 1969.

Katika majira hayo hayo ya mwaka, wakazi na wageni wa mji wa Sanya, katika kisiwa cha Hainan kilichoko kusini mwa nchi hiyo hiyo, huogelea baharini na kunywa madafu chini ya minazi. Wastani wa joto la Januari mjini humo ni kiasi cha nyuzi 22. Kutoka Mohe hadi Sanya ni karibu kilomita 4,000, umbali unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Cairo, na kotekote huko saa rasmi inayofuatwa ni moja tu, ile ya Beijing.

Kwa anayetazama ramani, hesabu inaonekana rahisi: kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo anavyozidi kutetemeka. Maisha ya Wachina wenyewe yanaikataa hesabu hiyo. Mkazi wa Harbin, mji ambao wastani wake wa Januari ni kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, hula chakula cha jioni akiwa amevaa fulana, na joto likimzidi hufungua dirisha. Mkazi wa Changsha au Shanghai, ambako nje ni kama nyuzi tano juu ya sifuri, hula akiwa na koti mwilini, na asubuhi hulivuta koti hilo kabla hajatoka kabisa kitandani.

Tofauti hiyo haikuletwa na hali ya hewa peke yake. Iliamuliwa na serikali katika miaka ya 1950, pale nchi ilipogawanywa sehemu mbili: ile ambayo nyumba zake zingepashwa joto kwa mpango wa umma, na ile ambayo wakazi wake wangejitegemea. Athari za uamuzi huo zimeonekana katika ankara za umeme, katika hospitali, na hata katika idadi ya miaka ambayo watu wanaishi.

Upepo wa Siberia

Beijing iko karibu katika latitudo moja na Madrid, mji mkuu wa Hispania. Hata hivyo, wastani wa joto la Januari jijini Madrid ni kiasi cha nyuzi sita juu ya sifuri, wakati Beijing ni kiasi cha nyuzi tatu chini yake. Mohe nayo iko karibu katika latitudo moja na Dublin na Berlin, miji ambayo kamwe haijapata kuifahamu baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri.

Sababu ni bara la Asia lenyewe. Wakati wa usiku mrefu wa majira ya baridi, ardhi ya Siberia na Mongolia hupoteza joto haraka mno, hewa iliyo juu yake inakuwa baridi, nzito na kavu, na mgandamizo wake unapanda kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Hewa hiyo nzito hutafuta pa kutokea. Huporomoka kuelekea kusini na mashariki, ikipita juu ya tambarare za China, na kwa siku moja au mbili inaweza kushusha joto la mji kwa zaidi ya nyuzi kumi.

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaujua mfumo huo kwa upande wake wa upole. Upepo wa kaskazi, ule uliosukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja Lamu, Mombasa na Zanzibar kati ya Desemba na Machi, nao hutokana na kupoa kwa bara la Asia wakati bahari za kusini zikiwa na joto. Tofauti ni kwamba milima ya Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet huizuia hewa ya Siberia isifike huku, na kinachovuma Pwani ni upepo mkavu wa kupendeza.

China yenyewe haina ukuta kama huo upande wa kaskazini. Ulinzi wake wa kwanza dhidi ya hewa hiyo uko katikati ya nchi, nao ni milima ya Qinling, inayolala kutoka magharibi kwenda mashariki na ambayo kilele chake cha Taibai kina urefu wa zaidi ya mita 3,700. Milima inapokwisha, Mto Huai unauendeleza mpaka huo kuelekea pwani ya mashariki.

Mwanajiografia Zhang Xiangwen ndiye aliyeutaja mstari huo wa Qinling na Huai kuwa mpaka wa kaskazini na kusini, mwaka 1908. Kwa ujumla, kaskazini yake wastani wa joto la Januari uko chini ya sifuri na mvua ya mwaka haifiki milimita 800. Kusini yake ni kinyume. Kaskazini hulimwa ngano na watu hula tambi na mikate ya mvuke, kusini hulimwa mpunga na watu hula wali. Hata siku ya usiku mrefu kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, familia nyingi za kaskazini hupika jiaozi, mfano wa sambusa ndogo za kuchemsha, wakati kusini wengi hula vidonge vitamu vya unga wa mchele katika maji ya moto.

Joto la serikali

Miaka ya 1950, Jamhuri ya Watu wa China ikiwa changa na ikifuata ushauri wa wataalamu wa Kisovieti, serikali ilianza kujenga mitambo ya kupasha joto miji. Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Maji huchemshwa katika boila kubwa, au huchukuliwa joto linalobaki katika kituo cha kufua umeme, kisha husukumwa katika mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara hadi kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani katika kila chumba. Maji yakipoa hurudi kuchemshwa tena.

Mafuta ya kuendesha boila hizo yalikuwa makaa ya mawe, na hayakutosha nchi nzima. Fedha nazo hazikutosha. Ndipo mpango ukawekewa mpaka, na mpaka uliokuwa tayari ni ule wa Qinling na Huai. Kanuni ya kitaalamu iliyotumika ni kwamba mji una haki ya kupashwa joto iwapo, kwa kawaida, una siku 90 au zaidi kwa mwaka ambazo wastani wake wa joto hauzidi nyuzi tano. Katika uchumi wa wakati ule, makaa hayo yalitolewa bure kwa nyumba na ofisi za kaskazini. Kusini ya mstari hawakupewa kitu.

Hadi leo joto la kaskazini lina kalenda yake. Jijini Beijing huwashwa rasmi tarehe 15 Novemba na kuzimwa tarehe 15 Machi, ingawa baridi ikiwahi serikali ya jiji huweza kusogeza tarehe. Harbin huanza tarehe 20 Oktoba na kumaliza tarehe 20 Aprili, yaani nusu ya mwaka. Kampuni ya joto inatakiwa kuhakikisha chumba hakipungui nyuzi 18, na mkazi ambaye chumba chake kimepungua ana haki ya kulalamika na kutumiwa fundi mwenye kipimajoto.

Katika majengo mengi ya zamani mkazi hakuwa na bomba la kufungia wala kupunguzia. Alilipa kwa ukubwa wa nyumba, si kwa joto alilotumia, hivyo hakuwa na sababu ya kulihifadhi. Kufungua dirisha katikati ya Januari ili chumba kipoe, jambo ambalo mgeni hulishangaa, lilikuwa ndilo suluhisho la kawaida.

Kusini hakuna pa kukimbilia

Kusini ya mstari, kama vile Shanghai, Wuhan, Nanjing na Changsha, majira ya baridi hayaui kwa wingi wa theluji. Yanachosha. Joto hubaki kati ya sifuri na nyuzi kumi kwa wiki nyingi, mawingu hayaondoki, manyunyu hayakomi na hewa imejaa unyevu. Nguo zilizofuliwa hazikauki. Shuka huwa kama zimenyunyizwa maji.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa ajili ya adui mwingine, yaani joto kali la Julai. Kuta ni nyembamba, madirisha ni ya kioo kimoja, na mlango huachwa wazi ili hewa ipite. Katika nyumba ya namna hiyo, tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ndogo, na siku jua linapotoka watu hubeba viti vyao na kwenda kuota nje kwa sababu ndani ndiko kwenye baridi zaidi.

Wenye uwezo huwasha viyoyozi vinavyotoa hewa moto, lakini hewa hiyo hubaki karibu na dari wakati miguu inaganda, na ankara ya umeme hupanda. Wengine hutumia blanketi za umeme na chupa za mpira zilizotiwa maji ya moto. Katika baadhi ya sehemu za Hunan, familia hukaa kuzunguka meza yenye jiko dogo chini yake, iliyofunikwa mfarishi ambao kila mmoja huingiza miguu na mapaja ndani yake. Kazi za shule, chakula na mazungumzo yote hufanyika hapo hapo, na anayetumwa jikoni hulalamika.

Hali hii wanaijua vizuri Waafrika Mashariki wengi kuliko wanavyoijua ile ya Mohe. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kununua nguo na simu hukuta Januari ya nyuzi 13 au 14, ambayo haizidi sana ukali wa Juni ya Mbeya au Limuru. Lakini wakipanda treni kwenda Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, ambako kuna soko kubwa la bidhaa ndogo ndogo, hujikuta katika nyuzi tano na hoteli za bei nafuu ambazo kuta zake hazina bomba lolote la joto. Wanafunzi waliosoma Wuhan nao hukumbuka mabweni zaidi kuliko barabara.

Ndiyo maana Wachina wa kaskazini wanaohamia kusini kikazi wana mzaha wao wenyewe, kwamba hawakuwahi kusikia baridi mpaka walipokwenda kwenye joto.

Siku waya zilipokatika

Udhaifu wa kusini ulidhihirika mwaka 2008. Kuanzia tarehe 10 Januari mwaka huo, mawimbi kadhaa ya hewa baridi kutoka kaskazini yalikutana na hewa yenye unyevu mwingi kutoka baharini juu ya majimbo ya Hunan, Hubei, Guizhou, Jiangxi na Anhui. Theluji ilianguka, lakini lililofanya madhara makubwa zaidi ni mvua iliyoganda papo hapo ilipogusa kitu.

Huko Heilongjiang hewa ya majira ya baridi ni kavu, na theluji yake ni nyepesi kama unga. Upepo huipangusa kwenye waya za umeme. Kusini maji yaligeuka barafu juu ya waya, yakaongezeka tabaka juu ya tabaka, mpaka minara ya chuma ambayo haikusanifiwa kubeba uzito huo ikainama na kuanguka. Mji wa Chenzhou katika jimbo la Hunan, pamoja na wilaya zake, wenye zaidi ya watu milioni nne, ulikaa karibu wiki mbili bila umeme, na mabomba ya maji yakakauka.

Hunan ndiko inakopita reli kuu ya Beijing na Guangzhou, ambayo treni zake hutumia umeme. Umeme ulipokatika treni zilisimama, na ilikuwa ni majuma ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya wa jadi uliokuwa tarehe 7 Februari, wakati ambapo mamilioni ya wafanyakazi wa viwanda vya Guangdong hurudi vijijini, wengi wao kwa safari moja tu kwa mwaka. Mamia ya maelfu ya watu walirundikana nje ya kituo cha reli cha Guangzhou, katika mvua na baridi, kwa siku kadhaa. Mtu alikufa kwa kukanyagwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Wen Jiabao, alikwenda vituoni Changsha na Guangzhou, akachukua kipaza sauti na kuwaomba radhi abiria.

Kwa mujibu wa takwimu za serikali zilizotolewa baada ya janga hilo, watu 129 walipoteza maisha na hasara ya moja kwa moja ilizidi yuani bilioni 150. Vipimajoto katika maeneo mengi yaliyoathirika havikuwa vimeshuka chini sana ya sifuri. Kiwango hicho hicho cha baridi, kingefika Harbin mwezi Januari, kingehesabiwa kuwa nafuu.

Gharama ya joto la kaskazini

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba watu wa kaskazini walipendelewa. Walilipa kwa njia nyingine.

Mwaka 2013, jarida la Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha utafiti wa wachumi Yuyu Chen, Avraham Ebenstein, Michael Greenstone na Hongbin Li, ambao waliutumia Mto Huai kama watafiti wa dawa wanavyotumia makundi mawili ya wagonjwa. Watu wanaoishi kilomita chache kaskazini ya mto na wale wa kilomita chache kusini yake hawatofautiani sana kwa chakula, kazi wala mapato. Tofauti kubwa ni makaa ya mawe ya bure yaliyochomwa upande mmoja kila majira ya baridi.

Kwa kutumia takwimu za miaka ya 1981 hadi 2000, waligundua kwamba vumbi na moshi hewani vilikuwa juu kwa asilimia 55 kaskazini ya mto, na matarajio ya umri wa kuishi yalikuwa chini kwa takriban miaka mitano na nusu. Karibu pengo lote hilo lilitokana na magonjwa ya moyo na ya mfumo wa kupumua. Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2017 kwa takwimu za miaka ya karibuni zaidi, ulikadiria pengo hilo kuwa miaka mitatu na ushei.

Mwaka ule ule wa utafiti wa kwanza, mambo yalionekana hata kwa macho matupu. Januari, 2013, moshi ulilifunika jiji la Beijing na kwa saa kadhaa chembechembe laini hewani zilizidi mara 30 ya kiwango cha siku kilichopendekezwa wakati huo na Shirika la Afya Duniani (WHO). Oktoba 20 mwaka huo boila za Harbin ziliwashwa kama kalenda inavyotaka. Kesho yake asubuhi wakazi waliamka wasione ng'ambo ya barabara. Shule zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na madereva wa mabasi hawakuweza kusoma taa za kuongozea magari.

Tangu hapo serikali ilianza kuondoa makaa ya mawe, na matokeo yake si madogo. Kituo kikubwa cha mwisho cha kufua umeme kwa makaa ya mawe jijini Beijing kilifungwa Machi, 2017, na wastani wa mwaka wa chembechembe laini jijini humo ulishuka kutoka maikrogramu 89.5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2013 hadi 30.5 mwaka 2024.

Lakini mji ni rahisi kuusafisha kuliko kijiji. Mabomba ya serikali hayakuwahi kufika vijijini, hata kaskazini. Wakulima wa Hebei na Shanxi walijipasha joto kwa majiko yao, na wale wa kaskazini mashariki kwa kang, kitanda cha matofali ambacho moshi wa jiko hupita ndani yake kabla ya kutoka nje. Mwaka 2017, miji 28 ya kaskazini pamoja na vijiji vinavyoizunguka iliamriwa kuachana na makaa na kufunga majiko ya gesi au umeme kabla ya baridi kuingia. Nyumba zaidi ya milioni tatu zililengwa.

Katika sehemu nyingi majiko ya zamani yaling'olewa, mabomba mapya yakachelewa, na pale mabomba yalipokamilika gesi haikutosha. Katika wilaya ya Quyang, jimboni Hebei, watoto wa baadhi ya shule za msingi walitolewa madarasani na kusomea uwanjani, kwa kuwa juani kulikuwa na joto kuliko ndani. Picha zao zilipoenea, Wizara ya Ulinzi wa Mazingira ilitoa waraka wa dharura mapema Desemba ikiruhusu makaa yaendelee kutumika mahali ambapo kazi ya kubadili haijakamilika.

Gesi ilifika hatimaye, ikifuatana na ruzuku. Hata hivyo gesi ni ghali kuliko makaa, na ruzuku ya sehemu nyingi ilipangwa kwa miaka michache tu. Kwa mkulima mzee anayeishi peke yake, mstari unaomhusu leo si wa Qinling wala wa Huai. Ni ule ulio kwenye mita ya gesi, na wapo wanaowasha jiko usiku pekee.

Mpaka usogezwe?

Karibu kila majira ya baridi, magazeti na mitandao ya China hurudia swali la iwapo kusini nako kuwekwe mabomba ya joto. Lilivuma zaidi mwanzoni mwa mwaka 2013. Wanaounga mkono husema kwamba mpaka uliochorwa wakati wa umaskini hauna maana katika nchi iliyotajirika. Wanaopinga wanaitazama Harbin ya Oktoba, 2013 na kuuliza kama kuna haja ya kuongeza mamia ya mamilioni ya watu katika mfumo huo, kwa ajili ya majira ya baridi ya miezi miwili au mitatu, katika nyumba ambazo kuta zake haziwezi kulihifadhi joto.

Serikali imechagua njia ya katikati: kusini ijipashe joto nyumba kwa nyumba, kwa gesi au umeme, na majengo mapya yawe na kuta na madirisha bora. Baadhi ya miji, kama Wuhan na Hefei, imejenga mabomba yake katika mitaa kadhaa. Kwa mwenye nyumba mpya, joto sasa ni suala la fedha. Kwa mpangaji wa chumba cha zamani, hakuna kilichobadilika.

Wapo ambao swali hilo haliwahusu kabisa. Kunming, katika uwanda wa juu wa Yunnan, huitwa mji wa mchipuko wa milele, na tangu mwaka 1985 maelfu ya shakwe kutoka Siberia hutua humo kila majira ya baridi, wakilishwa mikate na wakazi kandokando ya maziwa. Huko Urumqi, magharibi ya mbali, tatizo ni baridi pamoja na giza: kwa kuwa saa rasmi ni ya Beijing, jua la Januari huchomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi.

Watu nao wamejifunza kuuvuka mstari kama ndege. Wazee wastaafu kutoka kaskazini mashariki hukaa Hainan tangu Oktoba hadi Aprili, na kuna mitaa ya Sanya ambako lafudhi ya Harbin husikika kuliko ya wenyeji. Kwa upande mwingine, Harbin imewageuza watu wa kusini kuwa wateja. Tamasha lake la barafu, linalofanyika tangu mwaka 1985 kwa matofali ya barafu yanayokatwa katika Mto Songhua, lilivuta umati mkubwa mno mwanzoni mwa 2024: katika likizo ya siku tatu ya Mwaka Mpya pekee, mji ulipokea wageni zaidi ya milioni tatu. Wenyeji waliwabatiza wageni hao jina la utani la viazi vidogo vya kusini, kwa kimo chao na makoti yao mapya yaliyofura.

Wengi wao walisimulia jambo moja waliporudi nyumbani. Barafu ilikuwa nzuri, lakini kilichowashangaza ni kulala usiku mzima bila soksi.

Tarehe 15 Machi, mabomba ya Beijing huzimwa. Nje joto linakuwa limeanza kupanda, lakini kuta bado zina baridi ya miezi minne, na kwa wiki mbili tatu ndani ya nyumba huwa baridi kuliko ilivyokuwa Januari. Wazee hulala na makoti, maduka huuza tena blanketi za umeme, na mjini Shanghai wanaosoma habari hizo kwenye simu zao hawaonyeshi huruma nyingi.